Mama Anastazia na Uwanja Usiodundwa Mpira

Asubuhi ya Jumatatu, umande haujakauka, Mama Anastazia amesimama ukingoni mwa uwanja wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Ualimu cha Mtakatifu Gabrieli, hapa Kilosa, nyuma ya kitongoji cha Mabwerebwere. Kanga ameikaza kiunoni. Mkononi ana kibao cha mninga cha kupigia sakafu, kimelika ncha kwa kazi.

Anainama, anaigonga saruji. Ko! Anasikiliza. Anasogea upande wa pili, anagonga tena, ko! Kisha ananyanyuka taratibu akijishika mgongo.

"Sasa hapa mimi nafanya nini?" anauliza, wala hamuulizi mtu.

Swali hilo ndilo linalozunguka chuo kizima tangu saruji hii imwagwe. Kwa miaka minane mama huyu wa Kingoni ndiye aliyeutunza uwanja ulipokuwa wa udongo. Saruji haihitaji wa kuitunza. Basi mama hajui kama bado ana kazi, mkuu wa chuo anataka jambo hilo liamuliwe kabla mwezi haujaisha, na timu, iliyokuwa haishikiki kuanzia hapa mpaka Dodoma, imeanza kufungwa pasipo mtu kujua sababu. Ukimwuliza mtu wa Kilosa habari za kikapu wiki hii, atajikuna kichwa kwanza.

Mama Anastazia alikuja Rudewa akimfuata mumewe, aliyeandikishwa manamba kule Songea kuja kukata mkonge. Mume akafa kwa homa. Mjane akabaki shambani akianika singa, zile nyuzi za mkonge, kazi ambayo hata kuitaja hataki.

"Singa zinakukata hapa na hapa," anasema akionyesha vidole. "Halafu lile vumbi linakaa kifuani, halitoki. Mimi huko sirudi. Nikirudi huko, mtanizika huko."

Aliyemtoa ni Bruda Oswald, Mzungu mrefu aliyeletwa kufundisha hesabu, ambaye mwaka 1949 alitaka kuwapa wanafunzi wake mchezo mpya. Pesa ya uwanja haikuwapo. Akasikia kwamba kambini Rudewa yuko mjane ambaye sakafu ya nyumba yake unaweza kumwaga wali ukala. Akamfuata kwa baiskeli.

Mama akaletwa kwa shilingi thelathini kwa mwezi na unga wake, mara mbili ya alichopata kwenye singa. Akachimbisha udongo wa kichuguu, akaulowesha, akawaita wanawake wenzake, wakaupiga kwa vibao huku wanaimba mpaka ukashikana. Juu yake akasiriba mavi ya ng'ombe, aliyoletewa na Nalotuesha, mama wa Kimaasai ambaye ng'ombe wa mumewe hushuka malishoni upande wa Mikumi kiangazi kikikaza. Uwanja ukakauka, ukang'aa. Watu walikuja kuutazama tu.

Kisha vijana wakaingia na mpira. Tu! Tu! Tu!

"Nilidhani wameingiwa na wazimu," anasema mama, na mpaka leo macho yanamtoka. "Sakafu bado changa, mtu anaibamiza namna ile! Kwetu mtoto akitwanga vitu chini ndani ya nyumba ya mama yake, anachapwa. Nikakamata kibao hiki hiki."

Jamani, hakuna aliyemwambia kwamba kuudunda mpira ndiyo mchezo wenyewe. Wanafunzi walimwogopa. Bruda Oswald siku zile Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi, na alipojaribu kumweleza, mama alimkata kauli: "Bruda, mpira ni wa kikapu, si ndiyo? Basi upelekeni kikapuni. Huku chini kuna nini?" Bruda akaona heri sakafu ibaki salama, maana nyingine hana.

Tangu siku hiyo, kila mpira ulipogusa udongo ilisikika sauti kutoka pembeni: "Weee! Unanitobolea!" Na sauti ya Mama Anastazia si ya kuulizwa mara mbili, ilifika mpaka stesheni.

Vijana wafanyeje? Wakajifunza kucheza bila kudunda. Ukidaka unatoa, na mwenzako akidaka anatoa, mpira unapita hewani toka mkono hadi mkono mpaka umetumbukia. Wageni walipokuja walisimama wakingoja mpira ushuke chini waunyakue. Haukushuka. Walirudi kwao midomo wazi.

Kombe la vyuo vya misheni likaja Kilosa, likakaa miaka sita mfululizo. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Padri mmoja alisema ni rozari. Wapishi walisema ni maharage. Kwenye kambi za mkonge wakasema wazi kwamba yule mjane wa Kingoni ametia dawa kwenye sakafu.

Mama akisikia hilo anawaka. "Dawa! Na wanapokwenda kushinda Dodoma, dawa yangu nayo inapanda treni? Nani anaikatia tiketi?"

Swali zuri, na lilizidi kuwachanganya watu. Yeye mwenyewe hajui hata mabao yanavyohesabiwa. Alijua sakafu yake haina shimo, basi, akalala usingizi.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, meneja wa shamba moja la mkonge, akiwa amefurahishwa na sifa za timu, akaleta lori la saruji kama zawadi. Kipya kinyemi. Wanafunzi wakashangilia, mafundi wakamwaga, sakafu ya mama ikafukiwa ndani ya siku mbili. Mkuu wa chuo akamshukuru sana mama, akamwambia apumzike kwanza. Mama akakichukua kibao chake akaenda zake chumbani.

Mchezo wa kwanza juu ya saruji ulikuwa na vijana wa reli kutoka Morogoro, watu waliokwisha kupigwa hapa mara nne. Safari hii waliwakung'uta wenyeji vibaya, mbele ya meneja na mkewe.

"Sijui tulipatwa na nini," anasema Donati, nahodha wa timu, kijana mwembamba wa Magole. "Nikishika mpira, mkono wenyewe unaudunda. Unaita vizuri kwenye saruji, tu, tu, unanoga. Nikija kuinua macho, nimezungukwa. Na katikati ya mchezo nikajikuta nasubiri kitu. Nasubiri, nasubiri, hakiji. Usiku ndiyo nikajua nilikuwa namsubiri mama anigombeze."

Alimweleza Bruda Oswald maneno hayo hayo. Bruda akaondoka moja kwa moja kwenda chumbani kwa mama.

Alimkuta Mama Anastazia anafunga vyombo, maana alikwisha kujua "pumzika kwanza" maana yake nini. Bruda, ambaye sasa Kiswahili chake kimenyooka, akamwomba arudi uwanjani. Mshahara ule ule.

"Kufanya nini, Bruda?"

"Kuwagombeza."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wamekosa nini?"

"Wanadunda mpira."

"Juu ya saruji? Saruji inaumia?"

"Haiumii, mama."

"Basi nigombe na watoto wa watu bila kosa? Mimi ni Mkristo, Bruda. Na nina akili zangu."

Ilichukua uji bakuli mbili kumshawishi ajaribu. Na jaribio lenyewe, tusifichane, lilikuwa aibu. Mama alisimama pale ukingoni na kibao chake. Donati akadunda. Mama akafungua kinywa. Kikatoka kisauti chembamba, "We... usidunde," kama mtu anayeomba radhi. Vijana wakaangua kicheko, mama naye akacheka, halafu akaacha kucheka. Akakaa chini, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Hasira haiji," alimwambia Bruda. "Nimeitafuta haipo. Hii sakafu si yangu. Nitamgombezaje mtu kwa ajili ya kitu ambacho sikukipiga?"

Mkuu wa chuo aliposikia, akauliza mara mbili kama kweli walikuwa wanataka kumlipa mtu kwa kupiga kelele. Hata Donati akakata tamaa.

Na hivyo ndivyo tunavyorudi kwenye asubuhi hii ya Jumatatu, mama akiwa ukingoni, saruji ikiita ko, na vyombo vyake vimefungwa chumbani. Treni ni kesho. Lakini nauli ya Songea hana, na anajua fika treni hiyo itamshusha wapi. Itamshusha Kimamba, stesheni ya kuelekea Rudewa, kwenye singa.

Hapo ndipo Nalotuesha anapotokea, kikapu kichwani, kama anavyotokea siku zote. Alikuwa upande wa Mikumi na mifugo, hakuna aliyempa habari za saruji. Anatua kikapu cha mavi ya ng'ombe, mabichi, yanafuka mvuke. Anautazama uwanja wa kijivu. Anamtazama rafiki yake.

"Nani ameweka jiwe hapa?" anauliza.

"Meneja."

"Lina harufu mbaya." Anasukuma kikapu kwa mguu. "Haya, na haya nirudi nayo?"

Mama Anastazia anatazama kikapu, anatazama saruji, anatazama kikapu. Halafu anavua kandambili zake za mpira wa gari, anapiga magoti.

Bruda Oswald anatoka kanisani anawakuta wameshamaliza robo ya uwanja, mikono imezama mpaka viwiko, udongo wa kichuguu umechimbwa na kuchanganywa vizuri, kazi inakwenda kwa wimbo. Bruda anakishika kichwa.

"Mama! Saruji ya meneja!"

"Ipo, Bruda. Haijaenda popote. Ipo chini."

"Lakini hii itabanduka. Juu ya saruji haishiki."

"Ikibanduka nitasiriba tena Jumamosi," anasema mama bila kuinua uso. "Ikibanduka tena, nitasiriba tena. Kwani kazi ni nini?"

Bruda anasimama. Mtu anaweza kuona mambo mawili yakipigana usoni mwake, meneja upande mmoja na kombe upande wa pili. Kwa dakika nzima haijulikani lipi litashinda. Mwisho anakunja mikono ya kanzu yake, anauliza maji yaletwe ndoo ngapi.

Ikifika saa tisa alasiri, jua la Kilosa limeikausha kazi, rangi imerudi ile ya zamani, na harufu yake. Donati anakuja na wenzake, miguu mitupu, mpira kwapani. Anafika ukingoni, anasita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miguu umenawa?"

"Nimenawa, mama."

"Haya pita."

Kijana wa nyuma yake, mwaka wa kwanza huyo, hajui historia, anaurusha mpira chini mara moja. Tu.

"WEEE!"

Ndege wanaruka kutoka kwenye paa la kanisa. Mpishi anatoka jikoni na mwiko. Kijana ameukumbatia mpira kifuani kwa mikono miwili, hapumui, na Donati anacheka mpaka anakaa chini. Bruda Oswald ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, haieleweki kama anacheka au anasali.

Mkuu wa chuo hajatia neno bado. Inasemekana anatafuta namna ya kumwandikia meneja. Mama Anastazia hana habari naye. Ameshafungua vyombo vyake, na mipango anayo: anataka kuipiga hata varanda ya madarasa, kisha amfundishe binti mmoja wa Mabwerebwere kazi hii, ili siku yake ikifika uwanja usibaki yatima.

Jumamosi ijayo vijana wa reli wanarudi. Wale wanadunda, ndiyo mchezo wao, na hakuna anayejua watafanywa nini. Mwandishi wa habari hizi anamwuliza mama: hao ni wageni, watu wazima, wana haki yao kwa sheria za mchezo. Je, nao atawagombeza?

Mama Anastazia anaacha kunawa mikono. Anamtazama mwandishi kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na kichwa wala miguu.

"Kwani wao," anasema, "hawana mama?"