Gari au treni: jinsi tulivyoifuata mashua ya Bukama

Kwanza naomba mnisamehe. Niliishia darasa la sita, mwandiko wangu unalala upande, na maneno mengine ninayaandika kama ninavyoyasikia. Lakini tangu turudi, wengi hapa Makomeno, Lubumbashi, mnaniuliza: "Ngoie, mulienda na nini ku Bukama? Motokari ao treni?" Mnanijua, mtu akiniuliza mbele ya wengine mdomo unanikauka. Nimeona afadhali niandike yote, kituo kwa kituo, ili anayetaka kuipeleka jamaa yake kwenye mashua achague mwenyewe.

Sababu ya kuondoka ilikuwa nguo nyeusi za Mama. Papa, baba yangu, alifia kwao Kikondja, kwenye ziwa la Kisale, alipokwenda kuwasalimu ndugu zake, akazikwa kulekule. Tangu hapo Mama alivaa nyeusi. Kwetu mjane havui nyeusi kwa kupenda kwake. Ndugu za marehemu ndio wanaomwosha na kumvua, na watoto wote wa marehemu lazima wawepo. Papa mukubwa, yaani kaka wa Papa, alituma sauti kwa simu: Jumapili wazee wote watakuwa Kikondja, Jumatatu kila mmoja anarudi kwenye kambi yake ya uvuvi. "Mukikosa siku ile, tutangojea tena mwaka mwengine." Mama aliisikiliza ile sauti mpaka simu ikazima, halafu akaenda kulala bila kula.

Ukienda Kikondja unafika kwanza Bukama, kwenye mto Lualaba. Pale pana mashua ndefu za mbao zenye injini, tunaziita balenyeri, nazo zinashuka na mto mpaka ziwani. Mashua tuliyoitaka ilisemekana inaondoka Jumamosi. Swali lilikuwa nani atatufikisha Bukama.

Nyumbani waligombana siku nyingi. Kambo, bibi yangu mzaa Mama, ni mjane wa mfanyakazi wa reli, na kwake treni ni kama mtu wa ukoo. Yomba Didier, mjomba wangu, ana gari.

"Treni haina saa," Yomba akasema. "Inaweza kulala ku Likasi sawa mulevi. Motokari, tunatoka asubui, magaribi tuko Bukama."

"Motokari gani?" Kambo akamwuliza mwanawe. "Ile yenye haiendake ku soko bila kuisukuma?"

"Mama, ile ilikuwa batiri."

"Juzi ilikuwa batiri, jana ilikuwa mupira. Kesho itakuwa nini, roho?"

Wakamgeukia Mama ili aamue. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Miye nimechoka," akasema. "Muchague benyewe."

Lililoamua ni wadogo zangu. Ni mapasa, ndivyo tunavyowaita pacha: Kyungu na Kabange, hata shule hawajaanza. Mizigo ilikuwa mingi, magunia ya unga na masufuria ya sherehe, na garini hatukutosha. Yomba akapendekeza Kambo apande treni yake na mizigo, na amchukue Kabange, ili sisi wengine tukae vizuri.

Kambo akaweka kikombe chini. "Utagawanya mapasa?"

"Ni mu njia tu, Mama. Batakutana Bukama."

"Mu njia ndiko bantu banapoteaka."

Kwetu mapasa hawagawanywi. Ukimpa mmoja, mpe na mwingine. Akibebwa mmoja, na mwingine abebwe. Mkiwatenganisha safarini, mmoja ataona ametupwa, naye ataondoka, na kuondoka kwa mapasa ni kufa. Yomba huwa anacheka mambo ya wazee, lakini hili hakulibishia. Ikawa hivi: Kambo na mizigo, treni; Mama, mapasa na mimi, gari.

Ijumaa alfajiri tulitoka Lubumbashi. Kambo alikuwa stesheni tangu jana yake, na treni ilikuwa bado imesimama. Yomba alimpigia simu akicheka: "Mama, tutakuachia bukari ku Bukama!" Bukari ni ugali. Kambo akakata simu.

Mpaka Likasi safari ilikuwa nzuri, lazima niseme kweli. Ni lami, ila malori ya migodi yanakupita karibu kama yanataka kukubusu. Kyungu alikaa dirisha la kushoto, Kabange la kulia, Mama na mimi katikati. Kabange alipotapika tulisimama tukamshusha, na ikabidi tumshushe na Kyungu, naye akasimama kando ya ndugu yake akitema mate kwa heshima.

Baada ya Tenke lami ilikuwa imekwisha na mvua ilikuwa imetangulia. Barabara ilikuwa matope mekundu yenye mashimo ya maji, na huwezi kujua kina chake mpaka umeingia. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Mama alisukuma na ile nguo yake nyeusi mpaka ikawa nyekundu kuanzia magotini. Kabla ya kufika Lubudi tukasikia kitu kimevunjika chini ya gari. Yomba akaingia chini yake, akatoka na kipande cha chuma mkononi kama mfupa wa nyama.

"Ni resori," akasema, yaani springi. "Ni kintu kidogo."

"Kidogo namna gani?" Mama akauliza.

Yomba akakitazama kile chuma. "Yaya, ni kikubwa," akamjibu dada yake mkubwa.

Simu ikalia. Kambo: treni imeondoka, wamekwisha kupita Likasi, yuko amekaa vizuri anakula karanga. Halafu mtandao ukakatika.

Kijana mmoja akapita na pikipiki, akasimama. Alisema stesheni ya Lubudi haiko mbali na treni haijapita, lakini nyuma yake pana nafasi ya Mama na mtoto mmoja tu, kwa sababu ya matope. Angempeleka Mama na Kyungu, kisha angerudi kutuchukua mimi na Kabange.

"Panda, Yaya," Yomba akamsihi. "Ni njia kidogo tu. Treni ikikupita, mambo ya Jumapili imekufa."

Mama akaishika pikipiki kitini. Nilijua anachokiwaza, maana na mimi nilikuwa nikikiwaza: mwaka mwingine mzima wa nyeusi.

"Nilizika muntu moja," akasema. "Mapasa, sitabagawanya."

Yule kijana hakukasirika. "Mama, niko na kiti moja, si ndege," akasema, akachukua mfuko wetu ili autangulize stesheni, na akatuonyesha mahali pa kuingilia kwenye reli, maana kwa reli ni karibu kuliko kwa barabara. Yomba alibaki na gari lake. Alitutazama tunaondoka, chuma kikiwa bado mkononi.

Kwenye reli Mama alimbeba Kyungu na mimi nikambeba Kabange. Mbao za reli zimepangwa vibaya kwa miguu ya mtu: ukikanyaga kila ubao hatua ni fupi, ukiruka mmoja hatua ni ndefu. Mama akichoka, anamshusha Kyungu, basi na mimi namshusha Kabange hata kama sijachoka. Mimi nikichoka, na yeye anashusha. Halafu mmoja analia anataka mgongo, tunawabeba tena wote wawili. Nilikuwa nikisikiliza nyuma, nikiogopa treni itatukuta pale, na nikiogopa haitakuja kabisa. Jua liliposhuka miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Jioni tulifika Lubudi. Mfuko wetu ulikuwa pale, unalindwa na mama mmoja mwuza mihogo. Treni haikuwa imepita. Tulilala chini kwenye saruji pamoja na wasafiri wengine na kuku wao, mapasa katikati, na Mama akalala ameshika kisigino cha kila mmoja.

Jumamosi asubuhi treni ikaingia polepole, watu wamejaa mpaka milangoni. Nikaona kichwa cha Kambo dirishani.

"Ni ninyi ba 'magaribi tuko Bukama'?" akapiga kelele. "Bukama yenu iko hapa?"

Ndani hapakuwa na mahali pa kuweka hata mguu. Kambo akapiga makofi akisema kwa nguvu kwamba mapasa wanaingia. Mama mmoja akaanza wimbo wa mapasa, wengine wakapokea, na nyimbo hizo ni za matusi, kwa hiyo sitaziandika hapa. Mzee mmoja akasimama ampishe Kyungu. Abiria wakamgeukia jirani yake: "Na weye, unangojea nini? Simama, beko babili!" Akasimama akinung'unika kwamba yeye ni mgonjwa wa mgongo. "Mugonjwa gani? Jana ulicheza ku Tenke!" wakamjibu, watu wakacheka.

Kutoka Lubudi treni ilitembea, ikasimama porini, ikatembea. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Mama alikuwa akitazama jua tu. Yomba alikuwa amesema mashua inaondoka Jumamosi mapema, na mapema ilikuwa imekwisha kupita. Kambo alimpa karanga, hakuzila.

Bukama tulifika alasiri. Mama hakungoja mizigo. Alimshika Kyungu mkono huu na Kabange mkono ule, akashuka kuelekea mtoni kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba amechelewa na anakwenda kuona tu kwa macho yake. Nikamfuata.

Balenyeri ilikuwa pale, imefungwa kwa kamba, injini kimya. Mwenye mashua alikuwa ameketi pembeni anakula bukari na samaki.

"Haiyaenda?" Mama akamwuliza.

"Itaenda na nani, mama? Treni ndiyo inafika sasa."

"Na benye kukuya na motokari?"

"Beko bale." Akaelekeza kwa kidole chenye bukari. Kwenye mchanga walikuwa wamelala watu na mabegi yao. "Banafikaka mbele, banalala, banangojea treni. Bila bantu ba treni, mashua haijae. Bila kujaa, haiende."

Mama akaketi palepale chini. Sijui kama alikuwa akicheka au akilia, mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kambo alipofika na wabeba mizigo nikamweleza. Nilidhani atajisifu. Akasema, "Ata miye sikujua. Miye napenda treni tu."

Tulisafiri juu ya magunia ya unga. Kulipokucha tulikuwa tayari ziwani, tunapita katikati ya mafunjo, na visiwa vya majani vilivyokuwa vikitembea juu ya maji vilitupisha polepole. Sikuwa na nguvu ya kushangaa.

Jumapili, Kikondja, Papa mukubwa alikuwa ukingoni. Kabla ya kutusalimu aliuliza, "Mapasa?" Mama akawasukuma mbele wote wawili. "Balifika na njia moja?" "Njia moja," Mama akajibu. Wanawake wawili wakawanyoa mapasa nywele za msiba kwa nyembe mbili kwa wakati mmoja, ili pasiwe na wa kwanza. Mama wakamwingiza majini na nguo zake, akatoka bila zile nyeusi, wakamfunga kitenge cha njano na kijani. Wazee walikuwa bado wanahutubia alipolala, ameketi, kichwa kwenye bega la Kambo. Papa mukubwa akashusha sauti, akaendelea kuhutubia kwa kunong'ona.

Kurudi, tulipanda mto siku nyingi kuliko tulivyoushuka. Bukama tulimkuta Yomba. Gari lilikuwa zima, resori imefungwa kwa mpira wa migodini. "Yaya, tuende?" akauliza akifungua mlango. Mama akatazama gari, akatazama upande wa stesheni. "Didier, peleka samaki," akasema. Basi samaki wakavu tuliowatoa Kikondja wakapanda gari, sisi tukapanda treni.

Karibu na Luena mtu mmoja akaingia na mbuzi, akamlaza juu ya miguu yetu. Mama akamtukana. Alimtukana yeye, mbuzi, na aliyemwuzia mbuzi, kwa sauti ya kusikika mpaka behewa la pili. Mjane mwenye nyeusi hapaswi kupaza sauti wala kugombana na mtu; mwaka mzima nilikuwa sijaisikia sauti hiyo. Kambo akanifinya mkono. Hatukumnyamazisha.

Nilichojifunza ni hiki. Gari ni zuri mpaka Likasi, na zaidi labda wakati wa kiangazi. Lakini kabla ya kuchagua, uliza kwanza mashua inamngoja nani. Na mkiwa na watoto wadogo, hesabuni mtakavyowabeba chombo kikikwama, maana mtawabeba.

Mama anasema mwaka ujao atarudi kuweka msalaba kwenye kaburi la Papa, na sisi sote tutakwenda naye. Wewe uliyepita njia ya Lubudi wakati wa jua, niandikie ilikuwaje, matope yanakauka mwezi gani, na kama kuna mahali pa kulala pazuri kuliko saruji. Peleka barua kwa Kambo, nyumba yenye mlango wa bluu. Nitaisoma polepole, lakini nitaimaliza, na nitakujibu.