Mbwa Aliyelishwa kwa Futi

Mdogo wangu ni fundi seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi, na hata mimi niliyembeba mgongoni namwita hivyo, ingawa nikilitamka mimi neno hilo halina heshima nyingi. Karakana yake iko mbele ya nyumba, sebule na chumba chake katikati, na mimi nakaa chumba cha nyuma. Nyumba ilikuwa ya baba yetu. Baba alipofariki tukakuta ameiandika kwa jina la Fundi peke yake, kwa kuwa yeye ni mwanamume. Mimi sikuulizwa. Sikuulizwa pia nilipotolewa shuleni nikiwa na miaka tisa, mama alipojifungua Fundi akabaki kitandani. Alitakiwa mtu wa kubeba mtoto. Kusoma nimejifunza juzijuzi tu, ukubwani.

Siyasemi haya nionewe huruma. Nayasema kwa sababu bila hayo habari ya mbwa haieleweki.

Mlango wa chumba changu haukuwa na komeo. Lilivunjika, nikamwambia Fundi, akasema kesho. Kesho yake ilichukua miaka sita. Kwa miaka hiyo yote alitengeneza milango ya watu, mizuri, ya kuchonga maua, na mimi kila nikitaka kulala naegemeza ndoo ya maji mlangoni usije ukafunguka wenyewe.

Mke wa Fundi alipofariki, Fundi akaacha kusema. Kutwa anapiga randa, akimaliza anakaa kwenye kochi anatazama ukuta. Wateja walikuwa wananiuliza mimi kabati lao limefikia wapi. Ndipo binti yake, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, akaja siku moja na boksi lenye matundu. Ndani mlikuwa na kitoto cha mbwa cha wiki nane, rangi ya chai ya rangi, masikio yanaburuza, mwili mrefu na miguu kama vishikizo vya droo.

"Baba, huyu wa kukuchangamsha. Aina yake wanaiita dakshundi."

"Miguu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo, haiongezeki sana. Sasa nisikilize. Ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Hizi punje uziloweke kwa maji ya vuguvugu mpaka zilainike. Maji safi ya kunywa yasikosekane. Ukimnyanyua, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, usimning'inize. Asiruke kutoka kwenye kochi, mgongo wake mrefu, ukiharibika ndiyo basi tena. Na asinenepe, baba. Yote yapo kwenye karatasi hii ya daktari." Kisha akanigeukia. "Shangazi, utamsaidia?"

"Shangazi yako karatasi ataisomea wapi?" akasema Fundi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya utani tangu msiba, kwa hiyo nadhani nilipaswa kufurahi.

Binti hakucheka. "Nikisikia hatunzwi, namchukua. Kazini kuna mwenzangu anamtaka hata leo."

Fundi akamlaza mbwa juu ya meza ya kazi, akachomoa futi yake mfukoni, akampima kutoka puani hadi mwanzo wa mkia. Futi moja kamili. Basi akamwita Futi.

Jirani yetu mshonaji alipomwona mara ya kwanza aliweka cherehani pembeni. "Fundi, huyu umemkata miguu wewe, au kaja hivyo hivyo?"

"Kaja hivyo."

"Basi mrudishie mwenyewe, hajamaliza kumtengeneza."

Fundi akacheka. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia.

Siwezi kumdhulumu, alimtunza mbwa. Alifagia maranda kila baada ya saa moja Futi asiyale. Gundi, misumari na vanishi akavipandisha rafu ya juu. Kila mara Futi akimaliza kula alimtoa uani akamsubiri akojoe, akamsifu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alimpeleka kwenye chanjo, akampa dawa ya minyoo kwa tarehe. Na alianza kusema. Alikuwa anasema na mbwa, lakini alisema.

Kosa lake lilikuwa kwenye chakula. Ile karatasi ilikuwa na picha za mbwa watatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na kando yake vikombe vya kumpa kulingana na uzito. Fundi hakuwa na mizani wala hakuitafuta.

"Mizani ni ya wauza nyama," alisema. "Fundi ana futi."

Kila Jumamosi alimlaza Futi juu ya ubao, akatia alama ya penseli puani na mkiani. Kwa urefu, mbwa yule alikuwa anakwenda sambamba na mbwa wa kati, kwa hiyo akapewa vikombe vya mbwa wa kati. Alama ikisogea, chakula kinaongezwa. Aliwaeleza wateja kwa majivuno kabisa: ubao mrefu unakunywa vanishi nyingi, na mbwa mrefu vilevile.

Mimi kazi yangu ni kufua na kulea watoto wa watu. Mtoto nikimnyanyua najua ameongezeka au amepungua, mama yake hajasema. Mwezi wa pili nilimnyanyua Futi, nikatafuta mbavu kwa vidole, sikuziona. Tumbo lake lilikuwa linapiga deki sakafu.

"Fundi, mbwa huyu mzito."

"Uzito ndiyo afya. Dada, karatasi huijui. Niachie."

Nikamwachia. Miezi mitatu nilimtazama Futi akihema kuvuka uani, na sikufungua mdomo. Ningeweza kusema tena. Sikusema.

Asubuhi moja mteja aligonga kuja kuchukua meza yake. Futi alikuwa kwenye kochi, mahali alipokatazwa na alipozoeshwa, akaruka kwenda kubweka. Alipogusa chini alitoa mlio mmoja tu. Miguu ya mbele ikaenda, ya nyuma ikabaki inaburuzwa.

Fundi alisimama na penseli sikioni, hajui amshike wapi. Mimi nilichukua ubao mfupi karakanani, nikautelezesha chini ya mbwa, tukamfunga na shuka asisogee. Tukampeleka hivyo, kila mtu ameshika upande wake.

Daktari wa wanyama alimpapasa mgongo pole pole, kisha akamweka kwenye mizani, akatazama namba mara mbili. "Analishwa nini huyu?"

Fundi akatoa ile karatasi, imekunjwa vizuri, akaeleza kuhusu Jumamosi, ubao na alama za penseli. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, hapa panasema kilo."

"Naona, daktari. Lakini mimi nampima..."

"Huyu si ubao. Mbwa wa aina hii ni mrefu lakini ni mdogo. Umeupa mgongo huu kubeba mbwa wawili." Hakusema kwa ukali, na hilo lilimchoma Fundi zaidi. "Chakula nusu. Dawa hii asubuhi na jioni. Wiki nne asipande, asishuke, asikimbie. Chumba kidogo, sakafu tambarare, mlango umefungwa. Akipumzika hasa, huenda akatembea. Asipopumzika, hatatembea tena."

Njiani Fundi alisema, "Binti yangu akijua atamchukua." Tulipofika getini akaniuliza, "Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia karatasi siijui."

"Hukusema mara ya pili."

"Hapana."

Aliinama, akauweka ubao chini taratibu.

Kisha akaanza kuzunguka nyumba kutafuta chumba. Sebuleni kuna kochi. Karakanani kuna misumari. Kuingia chumbani kwake kuna vidato viwili. Mwisho akaja kusimama mlangoni kwangu. Chumba changu hakina kochi wala kidato, hakina kitu cha mbwa kupandia. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni sifa.

"Dada, akae kwako."

"Akae. Ila mlango hauna komeo. Ukifunguka wenyewe anatoka."

Fundi akaitazama ile ndoo. Nadhani alikuwa hajawahi kuiona, kwa kuwa hajawahi kuja kwangu mlango ukiwa umefungwa. Akaondoka, akarudi na bisibisi, skrubu na komeo jipya la chuma. Nusu saa likawa tayari. Nusu saa!

"Umeliweka nje," nikamwambia.

"Si la mbwa?"

"Na mimi nikiwa ndani? Unamfungia mbwa au unatufungia wote wawili?"

Akalifungua, akalihamishia ndani. Matundu ya nje akayaziba kwa gundi na vumbi la mbao, akapiga msasa. Kazi yake ni safi, hilo nimekuwa nalisema siku zote.

Wiki nne nilikaa na Futi, nikitoka namwachia Fundi zamu. Fundi alikuja kila asubuhi na bakuli na mfuko wa punje, anagonga kwanza.

"Dada, leo kiasi gani?"

Mara ya kwanza niliinama. Nilimnyanyua mbwa kwa mikono miwili, kifuani na makalioni, nikamsikiliza uzito. "Kiganja kimoja na nusu." Alipima kiganja kwa mkono wangu, si wake, kwa sababu wake ni mkubwa. Jioni tulirudia. Mimi sikumbuki siku nyingine ambayo mtu aliniuliza kiasi cha kitu chochote katika nyumba ile.

Wiki ya pili mkia ulitikisika. Wiki ya tatu Futi alisimama akiegemea ukuta kama mlevi. Wiki ya nne Fundi alipogonga, mbwa aliinuka akamwendea hatua sita, makalio yanayumba, akafika. Fundi alikaa chini pale pale mlangoni. Sikumtazama, nilikuwa na nguo za kukunja.

Alimpigia binti yake siku hiyo, akamweleza yote, hata habari ya futi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia akiuliza: "Chakula anapima nani sasa?"

"Shangazi yako."

"Basi abaki."

Fundi alitengeneza ubao wa mteremko wa kupandia kochi, akaubandika zulia kuukuu miguu isiteleze. Alimaliza kwa siku moja. Futi akarudi sebuleni, mbavu zinaonekana kwa vidole kama inavyotakiwa.

Kesho yake Fundi alikuja na bisibisi. "Dada, mbwa si ameshahama? Kuna mteja anataka komeo la aina hii, na dukani yameisha."

"Liguse uone," nikasema.

Alinitazama, akatazama komeo, akairudisha bisibisi mfukoni. "Basi nitamwambia asubiri," akasema. "Na Futi leo kiasi gani?"

Nikamwambia. Ndoo nimeirudisha bafuni.