Wifi Yangu na Ngazi Sabini na Mbili

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi wa siku nyingi, amezeeka akiwa kitini. Zamani cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, basi angalau miguu ilikuwa na kazi. Mwaka juzi akaifunga mota. Tangu hapo ncha ya mguu inagusa tu, mashine inakimbia yenyewe, na yeye akaanza kunenepa. Alikuwa akisema, "Mota imenipa kazi, ikaninyang'anya miguu."

Mimi nimeolewa na kaka yake. Tunaishi ghorofa ya nne na mama yao, kwenye jengo lisilo na lifti. Duka la wifi liko chini ya jengo hilohilo. Asubuhi nikishamwogesha mama na kumpa chai, nashuka kumsaidia wifi kutia vifungo na kupiga mapindo. Kwa hiyo kati ya mama na binti yake palikuwa na ngazi sabini na mbili tu, na kwa miezi minane hawakuwa wameshikana mkono.

Nyonga za mama zimekataa ngazi, na kubebwa hataki. "Mimi si gunia," anasema. Wifi naye alipojaribu mara ya mwisho aliishia ghorofa ya pili. Pumzi zilimkatikia, wanaume wawili wakamteremsha wamemshika makwapani, majirani wanachungulia. Siku ile aliapa hapandi tena. Wakawa wanaongea kwa dirisha. Mama anateremsha kikapu kwa kamba, wifi anatia mkate au dawa, kikapu kinapanda.

Siku moja mama akainama dirishani akasema, "Mwanangu, uso wako siuoni tena vizuri nikiwa huku. Naona kilemba tu."

Wifi alirudi kwenye cherehani, na mchana ule alivunja sindano tatu.

Kesho yake alikwenda zahanati. Muuguzi akampima, akamwambia moyo wake hauna neno, ugonjwa wake ni kiti. Atembee nusu saa kila siku, na ngazi azizoee kidogo kidogo.

Akaazima raba za mumewe, akaanza. Saa kumi na mbili asubuhi anazunguka ukuta wa shule mara nne, kisha anakuja kwenye ngazi zetu. Wiki ya kwanza alipanda nane, akashuka. Fundi viatu, ambaye hukaa mlangoni pa jengo, hakumwacha apumue.

"Fundi, nani anakukimbiza?"

"Anayekukimbiza wewe huwa amelala saa hizi," wifi akamjibu, akapita.

Lakini mwenyewe hakuwa na raha hata kidogo. Hakukaa akatulia. Anashona mstari mmoja, anainuka, anajipima kiuno kwa tepu yake ya kupimia, anakaa, anainuka tena. Siku ya kwanza alisoma inchi arobaini na mbili, akaiandika kwenye daftari la vipimo kama mteja mwingine yeyote. Aliniusia, "Wifi, usimwambie mama. Nikishindwa, nishindwe peke yangu."

Mama ni mzee, ila si kiziwi. "Nani huyo kila asubuhi anapanda kidogo kisha anashuka, kama mtu aliyesahau kitu?"

Nikamwambia ni mtu anafanya mazoezi. Sikusema uongo, lakini siku hiyo niliomba toba hata hivyo.

Wiki ya tano alifika ghorofa ya pili, penye ile aibu yake. Akashika kizuio cha ngazi, akatazama juu, akashuka. Ikawa hivyo kila siku. Magoti yalikubali, pumzi zilikubali, yeye ndiye alikataa.

Hapo ndipo tepu ilipomharibia. Ile ya zamani, ya miaka kumi na tano, ilikuwa imefutika namba mwanzoni, akaifanya kamba ya kufungia vitambaa, akanunua mpya. Wiki ya saba akajipima. Arobaini na tatu. Akapima mara ya pili, ya tatu, akavuta pumzi ndani hadi macho yakamtoka. Arobaini na tatu.

"Nimetembea wiki saba nikaongeza inchi," akasema. Akavua raba, akazisukuma chini ya meza.

"Wifi, haba na haba—"

"Usinitafutie methali."

Siku nne hakutembea. Mama akauliza, "Yule mtu wa mazoezi amehama?"

Siku ya tano wakaja wauguzi sita, wale ambao tuliwashonea sare wiki iliyopita. Kila mmoja na gauni lake mkononi.

"Fundi, umetunyima pumzi. Vifungo havifiki."

"Mmenenepa," wifi akasema bila kuinua kichwa.

"Sote sita? Wiki moja?"

"Mshahara si umetoka?"

Wakacheka, lakini magauni waliyaacha. Wifi akafungua daftari. Vipimo vyao vilikuwa vya mwaka uliopita, na gauni kila moja lilikuwa limekatwa sawasawa na daftari. Akalipima moja tena kwa tepu mpya. Sawa kabisa. Akaanza kuzunguka mle dukani, mikono kiunoni. Akasimama mbele ya rundo la vitambaa lililofungwa kwa tepu ya zamani. Akaifungua taratibu, akailaza mezani kando ya mpya.

Arobaini na mbili ya zamani ilikaa kwenye arobaini na nne ya mpya.

Tepu ilikuwa imevutika miaka yote ile, na hakuna aliyejua, kwa sababu alimpima mtu kwa hiyo na kumkatia kwa hiyohiyo. Kosa lilikuwa linajifunika lenyewe. Wifi aliinama mezani muda mrefu, kidole juu ya namba.

"Kumbe nilianza na arobaini na nne," akasema kwa sauti ndogo. "Nimepungua."

Hakungoja asubuhi. Akainama, akazivuta raba, akatoka na tepu mpya shingoni. Nikamfuata nyuma, namwomba Mungu kimoyomoyo. Ghorofa ya pili akasimama. Akashika kizuio. "Usinishike," akasema, akakanyaga ngazi iliyofuata. Ya tatu alipumzika mara mbili. Ya nne aliingia bila kubisha hodi, hana pumzi ya kubisha.

Mama akamtazama usoni, akamtazama miguuni. "Kumbe ni wewe uliyesahau kitu," akasema.

Walikaa wameshikana mikono. Kisha mama akaiona tepu. "Nipime basi, nguo zangu zinanivaa siku hizi."

Wifi akampima kifua. Mara ya mwisho alipompima alisoma thelathini na sita, kwa tepu ile iliyovutika. Sasa ilikuwa thelathini na tatu. Akapima tena. Safari hii tepu haikuwa na kosa. Ya zamani ingesoma chini zaidi.

Alinitazama, nikainamisha uso. Mimi ninayemwogesha kila siku sikuwa nimeona. Nguo zilipompwaya nilikuwa nakaza mkanda tu.

"Kesho nitakuja," wifi akasema. Akainuka, akakaa, akainuka. "Na keshokutwa."

"Njoo kabla chai haijapoa," mama akajibu.

Asubuhi nilimkuta mama amekwishajifunga kilemba mwenyewe, kiti amekigeuza kuelekea mlangoni. Tukasikia raba ngazini. Ghorofa ya pili zikanyamaza. Mama akanishika mkono, akaubana. Kisha zikaanza tena kupanda.