Maombi ya Mama Vifungo

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia vitambaa, pasi, na mume na mke waliofanya kazi pamoja bila kugombana zaidi ya mara tatu kwa siku. Mume alikata na kushona. Mke alitoboa matundu, akatia vifungo na kupiga pindo, na wateja walimwita Mama Vifungo hadi jina lake la ubatizo likasahaulika. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla cherehani haijaguswa, mume alisimama, akavua tepu ya kupimia shingoni, akaomba. Aliomba kwa sauti, akiwataja watoto mmoja mmoja, hata wateja wasumbufu. Mama Vifungo alifumba macho, akapanga kichwani kazi za siku, na sauti ya mumewe iliposhuka akasema amina. Kwa miaka thelathini na minne hakuichelewesha amina hiyo hata mara moja, wala hakuwahi kuomba sala yake mwenyewe. Aliona nyumba ina mwombaji wake kama ilivyo na mkataji wake. Wawili wa nini?

Kisha mumewe akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakagoma kabisa. Tangu arudi kutoka hospitali alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, na kila asubuhi ilipofika saa ile alimwangalia mkewe. Alimwangalia tu. Mama Vifungo akajifanya ana shughuli nyingi.

Siku ya ishirini na mbili bila maombi ndiyo iliyokuwa siku ya binti yao wa mwisho kupasuliwa uvimbe tumboni. Hospitali ilikuwa mji wa mbali, na mama asingeweza kwenda akamwacha mgonjwa mwingine nyumbani. Binti angeingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Tangu alfajiri roho ya Mama Vifungo ilikuwa juu juu. Alivunja sindano mbili. Alitia vifungo vya shati la kiume upande wa kike, kosa ambalo hata fundi anayejifunza angechekwa kwalo, akavifumua. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: siku ishirini na mbili mtoto huyu hajatajwa mbele za Mungu, na leo ndiyo leo. Kwamba mumewe huenda alikuwa akiomba kimoyomoyo pale kitini, wazo hilo wala halikumjia. Aliyezoea kusema amina husubiri kusikia sauti.

Saa mbili kasoro dakika ishirini simu ikaita.

"Mama, wameshanivalisha lile gauni lao," binti alisema. "Naogopa."

"Usiogope, mwanangu." Yeye mwenyewe jasho lilikuwa linamtoka.

"Baba hawezi kuongea hata kidogo?"

"Bado."

"Basi niombee wewe."

"Mimi?" Alishtuka kama mtu aliyeambiwa aendeshe treni.

"Wewe, mama. Kwani kuna mwingine hapo?"

"Mimi sijui maneno, mwanangu."

Akageuka kumtazama mumewe, akitumaini sijui nini. Mzee alikuwa ameshafumba macho, anangoja. Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Mama Vifungo akawasha spika ya simu, akaiweka mezani kati ya mkasi na chaki, akasimama.

Alianza kwa sauti ya mumewe, ile nzito ya kupanda na kushuka. "Ee Bwana, wewe uliye... uliyeketi..." Akakwama. Miaka yote hiyo alikuwa ameshika mwendo wa sala, maneno yenyewe yakampita. Aibu ikampanda, na nyuma yake hofu, kwa sababu dakika zilikuwa zinakwenda. Akaachana na sauti ya mumewe.

"Mungu, mimi ni yule anayetia vifungo. Anayeongea na wewe siku zote anaumwa, unamwona. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Yule wa mwisho, mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo, kila gauni lake huwa namwekea pamba upande huo. Usije ukamchanganya, maana huko wodini wote wamevaa nguo za aina moja. Daktari anayemkata, mshike mkono. Kitambaa nikikikosea nanunua kingine. Huyu sina mwingine. Naogopa, Mungu. Siku zote hizi naogopa na sikukwambia. Nilikuchukulia kama mteja wa mume wangu. Nisamehe. Na pia..."

Simu ikaanza kuita pale pale mezani. Akaidaka.

"Mama! Mbona ilikatika?" Binti alikuwa analia. "Umesema tu hujui maneno, basi, kimya! Sijasikia kitu. Na kitanda chao kimeshafika mlangoni. Anza upya, haraka!"

Mama Vifungo akaiangalia simu, kisha akairudisha sikioni.

"Nimeshaomba."

"Lakini mimi sijasikia!"

"Kwani nilikuwa naongea na wewe?"

Kikatoka kicheko kifupi kilichochanganyika na kilio, na sauti ya muuguzi ikisema dada, tupe hiyo simu sasa. Ikakatika.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tisa. Hofu haikwenda popote. Upasuaji, walimwambia, ungechukua saa tatu nzima. Alivuta kigoda hadi karibu na kiti cha mumewe, akaushika ule mkono uliolala, akafumba macho.

"Samahani, Mungu," alisema. "Ni mtoto ndiye aliyepiga. Tulikuwa tumefika wapi?"