Mgeni Mpe Mpinzani

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo moyo unaniruka. Nilikuwa kijana, kichwa kimejaa mashairi, na nilikuwa nimemwalika hapa Mwakitolyo malenga wetu wa kwanza, Ustadhi Athumani wa Tanga.

Usicheke. Najua siku hizi malenga wanashuka kwenye basi kila mwezi, na kesho ni zamu yako ya kumpokea mmoja wao. Wakati ule watu walinishangaa: mashairi kwa wachimba dhahabu? Ustadhi mwenyewe alinionya kwenye simu, "Nikiona panafaa nitawaleta wenzangu. Nisipoona, kijana, usinisumbue tena." Kwa hiyo baraza letu la mashairi lingezaliwa alasiri ile, au lingekufa alasiri ile ile.

Nilipanga mabenchi katika ghala tupu la pamba, nikawaonya watu: tulieni, msikohoe. Wachimbaji walikuja moja kwa moja kutoka maduarani, vumbi la mashimo bado liko usoni. Akina mama wa sokoni wakaja. Shangazi yangu Minza, aliyecheza ngoma tangu usichana wake, akakaa mbele kabisa.

Ustadhi akaanza kughani. Sauti tamu, jamani! Lakini watu kimya, kama nilivyowaamuru, naye akawa anatutazama kama mtu aliyebisha hodi asijibiwe. Mara upande wa pili wa ghala akasimama Nkwabi, mchimbaji na manju wa ngoma, akaanza wimbo wake. Na mgeni bado anaghani! Watu wakanyanyuka, wakamkimbilia Nkwabi. Mabenchi ya mbele yakabaki matupu.

Damu ilinichemka. Nikatoka mbio kumnyamazisha, shangazi akanidaka shati.

"Unakwenda wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

"Shangazi, wanamwaibisha mgeni!"

"Unayemwaibisha ni wewe. Umemtoa mtu Tanga uje umwimbishe mbele ya mabubu? Hapa manju wawili husimama pamoja, watu wakamfuata anayewagusa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini atatuponyaje huyu, na mpinzani umemnyima?"

Mkubwa akikukemea mbele za watu, masikio huwaka. Yangu yaliwaka hasa. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikasimama pale pale.

Shangazi akamwendea Ustadhi, akamsalimu kwa adabu, akamweleza desturi yetu. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi. Nilidhani ataulizia basi la kurudi. Akacheka!

"Kumbe mnalumbana? Si mngesema mapema, mama! Sisi tumekulia humo humo."

Akapanda juu ya benchi, akapaza sauti:

*Mwanihama kwa sababu Nkwabi ana dhahabu?*
*Aliye kimya si bubu, rudini niwape jibu!*

Ghala zima likaangua kicheko, watu wakarudi mbio. Nkwabi akamjibu kwa Kisukuma, wakamhamia yeye. Ustadhi akawavuta tena. Nami nilikuwa nakimbia nao huku na huku, kiatu kimoja sijui kiliko, nimefurahi hadi machozi. Sijawahi kufurahi vile tena, na nimeoa mara moja na kuoza mabinti.

Walipomaliza, shati la Ustadhi lilikuwa chapachapa. Hakunitafuta mimi mwenyeji wake. Alimshika Nkwabi mkono.

"Nikija na wenzangu mwezi ujao, utakuwepo?"

"Wabeja, asante, Ustadhi. Uje nao wengi, maana wewe peke yako nitakumaliza."

Nawe, mwanangu, kesho usiwafundishe watu wako kutulia ili uonekane mstaarabu mbele ya mgeni. Mpe chakula, mpe maji ya kuoga, kisha mpe mtu wa kushindana naye. Wala usiwafiche manju wetu. Mcheza kwao hutunzwa. Watu wakimhama mgeni, moyo utakudunda, najua, lakini usinyanyuke kuwazuia. Waache wahame, na yeye mwache awarudishe kwa sauti yake. Ukimrudishia wewe, atakushukuru na kwenda zake. Akiwarudisha mwenyewe, hatasahau njia ya kuja hapa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mgeni asiyesusa na watu wasiotulia, na ghala lisiwatoshe.