Dundu wa Maduhu

Mama Dorah, mjane wa Runzewe, alikuwa akinyoosha mabawa ya kipepeo juu ya kipande cha godoro aliposikia filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Alidhani wanamfukuza mwizi wa mbuzi. Filimbi ikaishia mlangoni kwake.

"Karibuni jamani. Shikamoo, kamanda."

Kamanda hakuitikia. Hapo ndipo mama wa watu alipojua mambo yameharibika.

Nyuma ya kamanda alisimama jirani yake Mbuke, macho mekundu. Kaka yake, Maduhu, alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, akatolewa hai, mguu umevunjika. Jana Mbuke alikuja kuomba chumvi, akaliona sanduku la kioo mezani. Ndani yake, kati ya wadudu wengine, dundu mweusi mwenye pembe amechomwa pini mgongoni, na chini yake kikaratasi: Maduhu. Akatoka mbio, chumvi akaiacha.

"Kamchoma kaka yangu!" Mbuke alipiga kelele. "Na nyie mmo humo, tazameni!"

Wale sungusungu wakasogea. Wakayaona majina yao, mmoja mmoja, chini ya pini za wadudu wengine.

Kazi hiyo Mama Dorah aliijua tangu alipokuwa akimfulia nguo padri mmoja mpenda wadudu. Mdudu unamkausha, unampigilia pini, unamwekea vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu waharibifu, kisha unaandika jina la aliyemwokota. Yeye aliona ni heshima. Haikumjia akilini kabisa kwamba mtu angeweza kusoma vingine.

Harufu ya mafuta ya taa ikaingia ndani. Mtu alikuwa na dumu.

"Mpigieni Maduhu mwenyewe," Mama Dorah alisema, mkono umeikamata rozari. "Akisema nimemroga, chomeni."

Kamanda akapiga, akaweka sauti kubwa. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Dundu?" Maduhu aliguna kutoka hospitali. "Yule wa kwenye kiberiti? Nilimpelekea mwenyewe! Mbuke, acha ushamba. Mimi nimevunjwa na kifusi. Mwambieni asimpoteze dundu wangu!"

Mmoja akacheka. Wengine hawakucheka, na dumu lilibaki wazi.

"Sawa," kamanda alisema. "Ila majina yetu yatoke. Sasa hivi."

Mama Dorah akachukua kibano. Akachomoa vikaratasi, akiita jina, na kila mtu akapokea lake; la Maduhu alilichukua Mbuke.

"Mbona mimi mawili?" Enock aliuliza kwa hofu.

"Ulileta na panzi, baba."

Wakaondoka na dumu lao. Wadudu wakabaki bila wenyewe. Mama Dorah alikuwa bado amekaa akiwatazama, Mbuke aliporudi peke yake, ngumi imefumbwa.

"Mama Dorah. Nikikichoma hiki kikaratasi, si nitakuwa nimemchoma kaka? Na nikikitupa, mwenye roho mbaya atakiokota. Nikiweke wapi?"

Mama Dorah akafungua kioo. Akalisogeza sanduku.

Mbuke akakirudisha mwenyewe chini ya yule dundu, akafunika kioo polepole.

"Na ile chumvi," alisema akitazama chini, "jana niliiacha."