Illuminée na Safari Isiyowezekana

Mwanamke mwenye kabichi kichwani na mtoto mgongoni anaweza kuvuka mpaka wa Goma, lakini kutwa nzima ya kuuza itamshinda. Ndiyo maana kina mama wa Rubavu, upande wa Rwanda, humwacha mtoto kwanza, halafu huvuka kwenda Kongo. Humwacha kwenye kituo cha Mama Mukandutiye, nyumba yenye kuta za buluu iliyo karibu na mpaka kiasi kwamba mlezi akikohoa, askari husema pole. Shida huanza mama akishafika sokoni. Simu yake ya Rwanda mara inashika, mara imekata, kwa hiyo kila mama ana laini mbili, ya huku na ya kule. Zamani mtoto akichemka homa, mlezi alipiga hii, akapiga ile, akarudi kwenye hii, na mtoto analia.

Illuminée aliijua shida hiyo kwa mwili wake, kwa sababu alilelewa hivyo. Mama yake aliuza karoti Goma, naye alishinda kwa majirani akingoja. Alipomaliza masomo ya kompyuta, wenzake walikimbilia Kigali. Yeye alibaki, akakodi chumba mtaa wa Nengo, hukohuko Rubavu, pamoja na Twahir, kijana aliyerudi na wazazi wake kutoka Tabora na ambaye hutengeneza tovuti za hoteli za ufukweni. Humo ndani aliandika programu ya kituo. Mlezi anagusa jina la mtoto kwenye simu, anagusa "homa" au "amekataa uji", na ujumbe unatua kwenye laini zote mbili za mama kwa mpigo mmoja.

Seva hakununua. Alikodi nafasi kwenye kompyuta za mbali, wingu la kampuni moja kubwa ya ughaibuni, kama wafanyavyo waandishi wa programu dunia nzima. Huko alipata mashine ya kuendeshea programu, ghala la kuwekea namba za kina mama, sehemu ya kuhifadhi nakala za ghala hilo, na king'ora cha kumwambia programu ikizimika. Vyote hivyo vilikaa chini ya akaunti moja. Mama Mukandutiye alipoona ujumbe unafika, alilegeza masharti yake na kuanza kupokea hata watoto wanaonyonya, kwa kuwa sasa mama anapatikana.

Basi Alhamisi moja asubuhi, Illuminée alikuwa ametoka Goma kumjulia hali shangazi yake. Alifika Nengo, akafungua kompyuta kwa intaneti ya ofisi, ya Rwanda, akataka kuingia kwenye akaunti. Wingu likamwomba athibitishe kwa simu. Simu ilikuwa bado kwenye laini ya Kongo, na minara ya Goma inafika Nengo bila kuomba pasipoti. Akathibitisha. Kioo kikageuka chekundu.

"Tumegundua safari isiyowezekana," kiliandika. "Umeonekana katika nchi mbili ndani ya dakika moja. Kwa usalama wako, akaunti na huduma zake zote zimesimamishwa."

"Kwa usalama wangu!" Illuminée alipaza sauti. "Twahir, njoo usome. Nani aliwaambia haiwezekani?"

Twahir alisoma polepole, akakuna kidevu. "Dada, hawa wanadhani wewe ni wezi wawili."

"Mimi na nani?"

"Wewe wa Rwanda, na wewe wa Kongo. Mmoja kamuibia mwenzake."

Illuminée hakucheka. Aliwaandikia wahudumu wa kampuni, akaeleza kwa adabu kwamba mji huu na Goma ni kama vyumba viwili vya nyumba moja, na kwamba maelfu ya watu huvuka na kurudi kabla chai haijapoa. Jibu lilikuja haraka, likiwa na jina la mtu aitwaye Daniel. Daniel alimshukuru kwa uvumilivu wake, akamtaka atume bili ya umeme yenye jina lake na anwani ya nyumba.

Hapo hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka. Bili ipi? Umeme wa hapa hununuliwa kwanza kwa simu, tarakimu zikaingizwa kwenye mita, taa zikawaka, na mita yenyewe ina jina la mwenye nyumba. Ni nani katika mtaa wote aliyewahi kuletewa bili? Akaeleza hilo pia. Daniel akamshukuru tena kwa uvumilivu wake, akamwomba bili ya umeme.

"Huyu si mtu," alisema Twahir. "Hili ni jibu lililovaa shati."

Ijumaa Mama Mukandutiye alimwita kituoni. Alikuwa amembeba mtoto mmoja begani na mwingine amemshika sketi.

"Mwanangu, mi sina neno na we," alisema. "Mais hii mashini yako imekufa tangu jana. Batoto ba kunyonya, kuanzia lundi, hapana. Mutoto akigonjwa hapa na mama yake hapatikani, nitamujibu nani? Mungu ao polisi?"

"Mama, Jumatatu ni karibu mno, nipe muda kidogo tu."

"Muda ninakupa. Lundi."

Uwineza, muuza kabichi mwenye mtoto wa miezi michache aitwaye Keza, alikuwa amesimama mlangoni na akasikia yote. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupita ukuta.

"Yewe! Donc kabichi yangu ioze ju ya bazungu benye hawajafika hata hapa?" aliuliza. "Banasema nini ile haiwezekani?"

"Wanasema mtu hawezi kuwa Rwanda na Kongo asubuhi moja."

Uwineza alimtazama kana kwamba ametukanwa yeye, na kwa kweli alikuwa ametukanwa. "Mi niko natoka kule sasa hivi. Basi mi ni nani? Muzimu?"

Illuminée alirudi Nengo akiwa na maneno hayo kifuani. Daniel hakuwa wa kungojwa tena. Programu yenyewe haikuwa imepotea, kwa maana maandishi yake yote aliyaweka pia kwenye ghala la msimbo la kampuni nyingine, na alikuwa ameyafunga ndani ya kontena, kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila inachohitaji, ili iweze kuendeshwa kwenye seva yoyote. Twahir alikuwa na seva aliyokodi Kigali kwa ajili ya hoteli zake.

"Ipo nafasi," alisema. "Hamia. Na ujumbe utapita kwenye huduma ninayotumia mimi. Lakini namba za kina mama ziko wapi?"

Illuminée alifumba macho. Namba zilikuwa kwenye ghala la wingu lililofungwa. Nakala za ghala zilikuwa kwenye wingu lilelile. Chuoni walimfundisha kwamba nakala isilale nyumba moja na mali, na mtihanini aliliandika vizuri sana. Halafu akafunga ufunguo wa akiba ndani ya sanduku lilelile.

"Kosa hilo ni langu," alisema. "Lakini la kuitwa mwizi ni lao."

Jioni hiyohiyo alirudi kituoni saa ya kuchukua watoto. Kina mama walikuwa wakimiminika kutoka mpakani na beseni tupu. Angewauliza namba mmoja mmoja, giza lingewakuta wakikosoana tarakimu, kwani wengi hawakuzijua namba zao kwa kichwa. Uwineza ndiye aliyepasua kelele.

"Acheni kuhesabu vidole! Mumubipe! Laini ya huku, kisha laini ya kule, na mutu aseme jina ya mutoto wake!"

Kubipu ni jambo wanalolijua wote. Simu inalia mara moja na kukatwa, haigharimu kitu, na katika mji huu ndiyo salamu ya kila siku. Simu ya Illuminée ikaanza kulia na kunyamaza, kulia na kunyamaza, naye akiandika jina la mtoto kando ya kila namba. "Mama Shema!" "Mama Akaliza!" "Mi nilishabipa, we mama wa mapacha, toa kidole!" Ghala likajaa upya mbele ya ukuta wa buluu, na safari hii nakala moja ilibaki Kigali, nyingine ikaenda mahali pengine kabisa.

Jumatatu Mama Mukandutiye alisimama mlangoni amekunja mikono. Illuminée alimpa simu ya kituo. Mama akagusa jina la Keza kwa majaribio, na simu mbili zikalia kwa ujumbe kiunoni mwa Uwineza. Mlango ukafunguliwa. Uwineza akamwacha mtoto, akajitwika kabichi, akavuka.

Kabla ya adhuhuri Keza alipata homa ya kweli. Mlezi aligusa. Muda si muda Uwineza aliingia akihema, kanga imelegea, kabichi zake ameziachia jirani sokoni Goma. Alimpakata mtoto, wakampa dawa, akamnyonyesha kwenye benchi huku anapangusa jasho.

Ni wakati huo simu ya Illuminée, aliyekuwa bado kituoni, ilipotetemeka. Kampuni ilikuwa imefungua akaunti. Daniel alimshukuru kwa uvumilivu wake, akamshauri, ili jambo hili lisijirudie, aepuke kutumia huduma kutoka nchi mbili kwa siku moja.

"Banasema nini?" Uwineza aliuliza.

"Wanasema nichague upande mmoja."

"Bo bachague bo!" Uwineza alifoka, na Keza akashtuka akaachia ziwa. "Ubaambie bakuje hapa. Mi nitababebesha kabichi, twende, turudi, nione ni nani mwenye hawezekani."

Illuminée alipakua namba za zamani za kina mama, akaingia kwenye ukurasa wa kufunga akaunti. Palikuwa na kisanduku cha kueleza sababu. Aliandika kwamba kampuni iliwafungia mlango watoto wachanga kwa sababu mama zao wanafanya kazi, na kwamba hakuhitaji kushukuriwa kwa uvumilivu, kwa kuwa hakuwa nao. Akabonyeza.

Keza alikuwa amelala, homa imeanza kushuka. Mama Mukandutiye alinyoosha mikono kumpokea. Uwineza alimgusa paji la uso mara nyingine, akakaza kanga, akashika njia ya mpakani kufuata kabichi zake.